Panya walionyimwa maji: nipime jeni zipi kwenye ubongo, na nichukue kipande gani?

Benchi_la_Makulu

Wakuu, heshima mbele. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili hapa Dodoma. Mada ni namna upungufu wa maji mwilini unavyobadili utendaji wa jeni kwenye ubongo. Kabla halijaenda kamati ya maadili naomba mlichambue, msinionee haya.

Mpango: panya dume aina ya Wistar, gramu 250 hadi 300. Sita wanakunywa watakavyo, sita wananyimwa maji saa 24. Kisha nachukua haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayosimamia kiu na maji ya mwili) nzima, natoa RNA kwa TRIzol, natengeneza cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo) na kupima wingi wake kwa qPCR. Jeni ni Avp (ya vasopresini), Fos (inayowaka seli ikisisimka) na Nfat5 (ya kuikinga seli dhidi ya chumvi). Jeni rejea (ya kulinganishia, isiyotarajiwa kubadilika) ni Gapdh.

Maswali yangu: saa 24 zinatosha? Haipothalamasi nzima inafaa au lazima nichonge viini vyenyewe? Na kwa mazingira yetu, barafu kavu haina uhakika. Vilivyopo ni naitrojeni ya kimiminika, friza ya −80, na krayostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa) ya kuazima patholojia.

---

Supraoptiki

Mkuu, tuanze na neno "ubongo", maana ndilo litakalokusumbua mbele ya kamati. Chumvi ya damu ikipanda, wa kwanza kuitambua ni seli chache zilizo kwenye ukuta wa mbele wa ventrikali ya tatu, sehemu zinazofupishwa OVLT na SFO. Pale kizuizi kati ya damu na ubongo ni hafifu, kwa hiyo seli zinaionja damu moja kwa moja. Zenyewe zinaziarifu nyuroni kubwa za kiini cha supraoptiki (SON) na kiini cha paraventrikula (PVN), ambazo ndizo zinazotengeneza vasopresini na kuisafirisha hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Ikimwagwa kwenye damu inakwenda kuziamuru figo zirudishe maji. Kwa binadamu osmolaliti ya plazma (wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka) hukaa kati ya 280 na 295 mOsm/kg, na badiliko la 1 hadi 2% tu linatosha kuongeza au kupunguza umwagaji huo.

Sasa muda. Kuna mambo manne yanayokwenda kwa kasi tofauti, na watu wengi huyachanganya:

Kumwagwa kwa homoni ni suala la sekunde na dakika. Jeni kunakiliwa ni dakika hadi saa. Jumla ya mRNA (nakala ya jeni iliyokamilika) iliyolundikana kwenye seli hubadilika polepole, hadi siku nzima au zaidi. Na akiba ya homoni kwenye pituitari inakwenda kinyume: inapungua wakati mRNA inaongezeka, kwa sababu matumizi yanazidi uzalishaji. Anayepima vasopresini ya pituitari akakuta imeshuka asikimbilie kusema jeni imezimwa.

Kwa hiyo saa 24 utaona kitu, lakini kidogo. Kazi nyingi za panya zimetumia saa 72 bila maji, au maji ya chumvi ya 2% kwa siku 7, na hapo mRNA ya Avp huongezeka takriban maradufu. Maradufu kwenye qPCR ni tofauti ya Ct (mzunguko ambapo ishara inaanza kuonekana) 1 tu, nayo inamezwa kirahisi na ukataji mbaya. Mimi ningeomba kibali cha saa 48: mabadiliko yanaonekana wazi na mateso ni machache kuliko saa 72. Andika kabisa kwamba mnyama atapimwa uzito kila siku, na akipoteza 20% anatolewa kwenye jaribio. Kamati itakuuliza, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo.

Panya ni mnywaji wa usiku. Saa 12 za mchana bila chupa hazilingani hata kidogo na saa 12 za usiku. Taa ziwake saa 1 asubuhi na kuzimwa saa 1 jioni, chupa ziondolewe saa 3 asubuhi, na siku ya mwisho uchukue sampuli kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, ukipishanisha makundi: mmoja wa maji, mmoja wa kiu. Ukimaliza kundi moja ndipo uingie la pili, tofauti ya muda itajiita tofauti ya kiu.

Fos ni kitu kingine. mRNA yake hupanda ndani ya nusu saa baada ya seli kusisimka na protini yake hufikia kilele kati ya saa 1 na 2. Hiyo inafaa sana kwa jaribio la ghafla, kama sindano ya chumvi kali tumboni. Kwa mnyama aliyekaa siku mbili bila maji, Fos ya SON itakuwa juu kiasi, lakini pia itakuwa juu kwa yeyote uliyemkimbiza kwenye kizimba dakika 30 zilizopita. Wazoeze kushikwa kwa siku 5 hadi 7 kabla, na mtu mmoja yule yule. Ukitumia isoflureni, iwe muda uleule kwa kila mnyama, chini ya dakika moja.

Kuhusu kutoa ubongo: SON iko chini kabisa ya ubongo, kando ya makutano ya neva za macho. Ukiinua ubongo kabla ya kuzikata neva hizo kwa mkasi mdogo, utando unaondoka na SON yako. Hili ndilo kosa linaloharibu sampuli nyingi, na halionekani mpaka ufike kwenye krayostati ukute upande mmoja haupo. Pindua fuvu, inua kidogo kwa spatula kuanzia mbele, kata neva, ndipo uendelee.

Kugandisha: usiutumbukize ubongo mzima kwenye naitrojeni ya kimiminika, utapasuka. Chukua isopentani kwenye bika la chuma, ipooze kwa naitrojeni hadi kama −40 au −50, zamisha ubongo sekunde 30 hadi 40, funga kwa karatasi ya aluminiamu, peleka −80. Kwenye krayostati acha ubongo ukae saa 1 kwenye −18 hadi −20 kabla ya kukata. Kata vipande vya mikromita 100. Kila vipande vitatu au vinne chukua kimoja chembamba, kipake bluu ya toluidini, kiangalie kwa hadubini. SON utaiona kama pembetatu mbili nyeusi, moja kila upande wa makutano. Hapo chonga kwa sindano butu ya kipenyo cha milimita 1, pande zote mbili, weka moja kwa moja kwenye TRIzol.

RNAlater (kimiminika cha kuhifadhi RNA) itakuokoa tu kama huna krayostati. Tishu iliyolowa RNAlater haigandi kwenye −20 kwa sababu ya chumvi iliyomo, kwa hiyo usitegemee kuikata baadaye. Njia yake ni kukata ubongo ungali fresh, juu ya barafu, kwenye kibao chenye mifereji ya milimita 1, unachonga papo hapo na kutupia ndani.

---

Nala_Data

Supraoptiki kamaliza karibu yote, naongeza ya namba na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoamua qPCR ipime jeni gani). Na kuhusu haipothalamasi nzima, maana watu watakwambia "ishara inazimuliwa", na kwa Avp hoja hiyo ina kasoro.

Tishu isiyotengeneza Avp kabisa ukiichanganya na SON, inapunguza Avp kwa uwiano uleule kwenye makundi yote mawili. Uwiano wa maradufu unabaki maradufu. Kinachokuharibia ni viwili. Kwanza, kiini cha suprakiazma (SCN), saa ya mwili, nacho kinatengeneza Avp nyingi, kinapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku na hakijali kiu namna ile ya SON. Hicho kinaongeza namba isiyobadilika juu ya namba inayobadilika, na maradufu yako inashuka kuwa mara moja na nusu. Pili, mkono: mnyama huyu umekata milimita moja zaidi kwenda mbele, yule umekata pungufu, na Avp iko kwenye maelfu machache ya seli tu, si kila mahali.

Kwa Fos na Nfat5 hali ni mbaya zaidi. Hizo zipo karibu kila seli. Hapo kuzimuliwa ni kwa kweli: SON ikibadilika mara tatu huku haipothalamasi iliyobaki imetulia, hutaona kitu.

Idadi ya wanyama. Tuseme tofauti halisi ni Ct 1. Kama mtawanyiko kati ya wanyama wa kundi moja ni Ct 0.6, ambao unapatikana kwa uchongaji mzuri, unahitaji takriban 7 kila kundi ili uwe na nguvu ya 80%. Mtawanyiko ukiwa Ct 1.0, kama inavyotokea kwa ukataji wa haipothalamasi nzima, unahitaji takriban 17. Sita hawatoshi hata kwa hali nzuri. Weka 8, maana mmoja atapotea njiani.

Praima. Jeni za vasopresini na oksitosini ni ndugu, zimekaa jirani kwenye kromosomu moja zikitazamana. Ekzoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye mRNA) ya pili ya zote mbili, inayobeba neurofisini, inafanana karibu herufi kwa herufi. Ukiweka praima zako humo utapima Avp na Oxt kwa pamoja bila kujua, na mkunjo wa kuyeyuka utakuonyesha kilele kimoja kizuri kabisa. Weka walau praima moja kwenye ekzoni ya tatu upande wa kopeptini, ambayo oksitosini haina. Ila introni (kipande kati ya ekzoni, kinachokatwa na kuondolewa) ya pili ni fupi, kwa hiyo praima zinazoivuka bado zinaweza kukuza DNA ya jenomu. Tibu RNA kwa DNeizi (kimeng'enya kinachoharibu DNA), na kwa kila sampuli uwe na mrija usio na kimeng'enya cha RT (kinachogeuza RNA kuwa cDNA). Mrija huo ukitoa ishara chini ya mizunguko 5 baada ya ule wenye kimeng'enya, rudia DNeizi.

Ongeza pia praima za ndani ya introni ya kwanza. Zinapima RNA changa ambayo bado haijakatwa introni, yaani kasi ya kunakili kwa sasa hivi. mRNA iliyokomaa inakupa lundo la siku nzima. Ukiwa na zote mbili kwenye sampuli ileile unaweza kusema kama kiu bado inaisukuma jeni au ulichokiona ni masalia tu. Kwa sampuli hii ya introni DNeizi si hiari, maana introni ya RNA changa na ya jenomu ni mfuatano uleule.

Usiitumie Gapdh kama rejea pekee. Jaribu tatu au nne (Rpl19, Actb, Hprt1, Gapdh), angalia zipi hazitikisiki kati ya makundi, tumia wastani wa kijiometria wa mbili bora. Ufanisi wa praima uwe 90 hadi 110%, yaani mteremko wa mkunjo kati ya −3.6 na −3.1. Mchongo wa SON unakupa mamia machache ya nanogramu za RNA, kwa hiyo weka mikrogramu 20 za glikojeni wakati wa kuitenganisha RNA kwa isopropanoli, la sivyo hutaiona hata tonge ya RNA chini ya mrija. A260/230 (kipimo cha usafi wa RNA) ikiwa chini sana, umebakiza guanidini au fenoli; osha tena kwa ethanoli ya 75%.

---

DktMifugo_Kongwa

Naingilia kidogo. Kwa nini tung'ang'ane na panya wakati machinjio ya hapa yanapokea mbuzi waliosafiri kutoka huku kwetu bila maji? Ubongo unatupwa au unauzwa na kichwa. Hauwezi kuwa sampuli?

---

Supraoptiki

Daktari, wazo linavutia na SON ya mbuzi ni kubwa, unaichonga bila kuhangaika. Matatizo ni haya. Mbuzi ana rumeni, na rumeni ni hifadhi ya maji. Siku moja bila kunywa inamtikisa kidogo kuliko panya, hivyo usidhani aliyesafiri amekaukiwa mpaka damu yake ikuambie. Halafu kuchinjwa kwenyewe ni kuvuja damu kwa ghafla, na damu ikipungua vasopresini humwagwa kwa wingi hata kama chumvi haijapanda kabisa. Vasopresini ya damu iliyokingwa kwenye kisu haina maana yoyote kwa swali hili. Fos nayo itakuwa imechafuliwa na safari na zizi.

Kinachobaki cha kuaminika ni mRNA iliyokomaa ya Avp, kwa sababu dakika chache za mwisho haziwezi kulibadili lundo la siku mbili. Damu ya osmolaliti ichukuliwe kwenye mshipa wa shingo kabla ya kuchinja, ubongo utoke ndani ya nusu saa. Linganisha na mbuzi wa eneo moja, umri mmoja, waliokunywa zizini. Inaweza kuwa utafiti mzuri, ila ni wa kupima uhusiano, hauthibitishi chanzo. Wa Makulu aachwe na panya wake.

---

Zamu_ya_Usiku

Niongeze upande wa wodi, kwa sababu Nfat5 imetajwa na inastahili nafasi kubwa kuliko iliyopewa.

Hadi hapa mmezungumzia seli zinazopigia mwili kengele. Seli nyingine zote za ubongo zina shida yao: maji ya nje yakiwa na chumvi nyingi, zinanywea. Dakika za mwanzo zinajikinga kwa kuingiza sodiamu, potasiamu na kloridi. Hiyo haifai kwa muda mrefu kwa sababu chumvi nyingi ndani ya seli inavuruga protini. Hapo ndipo protini ya NFAT5 inapoingia: inakwenda kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za visafirishaji na vimeng'enya vinavyolundika myo-inositoli, taurini, betaini na sobitoli. Hizi zinavuta maji ndani bila kuvuruga protini. Katika saa 24 hadi 48 hivi ubongo unarudisha sehemu kubwa ya ujazo wake.

Sasa sababu ya kulisema hili. Mtoto aliyeharisha siku tatu akiletwa na sodiamu ya 160 mmol/L, ubongo wake umeshajaza vitu hivyo. Ukimshushia sodiamu haraka kwa dripu ya maji mepesi, maji yanaingia kwenye seli kwa kasi kuliko seli zinavyoweza kuvitoa, maana jeni zilizowashwa hazizimwi kwa dakika tano. Ubongo unavimba na degedege linafuata. Ndiyo maana kwa aliyekaukiwa kwa zaidi ya siku moja tunashusha polepole, kama 0.5 mmol/L kwa saa, tusizidi 10 hadi 12 kwa saa 24, tukipima sodiamu kila saa 4 hadi 6. Mtoto akiwa kwenye mshtuko unamtibu mshtuko kwanza kwa maji yenye chumvi sawa na ya damu. Polepole inaanzia baada ya hapo.

Na kwa wanaochanganya ORS nyumbani: pakiti moja kwa lita 1 kamili ya maji safi. Mchanganyiko huo una sodiamu 75 mmol/L na osmolaliti jumla 245. Pakiti kwenye nusu lita, au kuongeza kijiko cha chumvi "ipate nguvu", kunatengeneza tatizo lile lile ninaloandika hapa.

Ushauri kwa mwenye mada: kama unaitaka Nfat5, usipime mRNA yake peke yake. Sehemu kubwa ya kazi ya protini hiyo inadhibitiwa kwa kuhamia kwenye kiini cha seli na kwa kubadilishwa kikemikali, kwa hiyo mRNA inaweza kubaki palepale wakati kazi imepanda. Pima jeni zinazowashwa nayo: Slc5a3 (kisafirishaji cha myo-inositoli), Slc6a6 (cha taurini) na Akr1b1 (kimeng'enya cha sobitoli). Hapa gamba la ubongo linafaa kama tishu ya pili, huhitaji kuchonga chochote.

---

Mzabibu77

Samahani wataalamu, mimi msomaji tu. Ina maana nisipokunywa maji mchana kutwa kwenye jua hili DNA ya ubongo wangu inabadilika? Na watoto watarithi?

---

Zamu_ya_Usiku

Hapana ndugu yangu. Herufi za DNA zinabaki zilevile. Kinachobadilika ni nakala ngapi za jeni fulani zinatengenezwa kwa muda huo, na unapokunywa zinarudi taratibu. Kukosa maji mchana mmoja kwa mtu mzima mwenye afya kunashughulikiwa na vasopresini iliyokwisha kuhifadhiwa, mkojo unakuwa mzito na kiu inakukumbusha. Majaribio ya panya ya saa 48 ni hali nzito kuliko hiyo.

Herufi zikiwa na kasoro tangu kuzaliwa, hilo ni jambo jingine. Panya wa Brattleboro, waliogunduliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, wamepungukiwa herufi moja tu kwenye jeni ya vasopresini, na hawawezi kuufanya mkojo uwe mzito. Wanakunywa na kukojoa siku nzima.

---

Benchi_la_Makulu

Nashukuru sana wakuu. Nimerekebisha: saa 48, wanyama 8 kila kundi, SON kwa kuchonga na gamba la ubongo kwa ajili ya jeni zinazowashwa na NFAT5, Avp kwa praima za ekzoni ya tatu na za introni ya kwanza, rejea nne za kuchuja. Fos nimeibakiza kama kipimo cha usumbufu tu.

Bado matatu. Chumba cha wanyama kinapanda joto sana Oktoba na Novemba, je, niahirishe? Nitathibitishaje kwamba wamekaukiwa kweli ikiwa osmomita haipo? Na nikiongeza kundi linalorudishiwa maji, nichukue sampuli lini?

---

Supraoptiki

Joto kwanza. Dodoma kati ya Septemba na Novemba hewa ni kavu, na mnyama anapoteza maji kwa pumzi na ngozi hata akiwa amekaa. Panya wako wa saa 48 kwenye chumba cha nyuzi 31 si sawa na wa chumba cha nyuzi 22. Mbaya zaidi, joto lenyewe linawasha jeni za kujikinga na joto, Hspa1a ikiwa mbele. Chumba kikae 22, kuongeza au kupunguza 2, na unyevunyevu uandikwe kila asubuhi na jioni. Kiyoyozi kisipohimili, fanya Juni au Julai. Na uongeze Hspa1a kwenye orodha ya jeni: ikipanda kwenye makundi yote, chumba kilikuwa cha moto, ikipanda kwa walionyimwa maji tu, hapo una jambo la kujadili, kwa sababu aliyekaukiwa hapoozi mwili vizuri.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa hadi sasa: njaa. Panya asiyekunywa anaacha kula, na upungufu wa chakula pekee unabadili jeni nyingi za haipothalamasi. Kwa maji ya chumvi imeonekana wazi kwamba CRH (homoni ya mfadhaiko) ya PVN inashuka huku ya haipothalamasi ya pembeni ikipanda. Kwa hiyo unahitaji kundi la tatu: lina maji tele lakini linapewa chakula kwa gramu zilezile walizokula wenye kiu siku iliyotangulia. Lianze siku moja nyuma ya wenzake ili upate namba za kufuata. Bila kundi hilo mpitiaji yeyote makini atakuuliza ulipima kiu au njaa, na hutakuwa na jibu. Makundi matatu, panya 24. Omba hao.

Osmomita: kadiria kwa sodiamu mara mbili, jumlisha glukosi na urea, zote kwa mmol/L, kwa mashine ya kemia ya hospitali. Ongeza hematokriti kwa mirija ya kapilari, ni rahisi na inapanda plazma ikipungua. Pima na uzito. Mnyama ambaye uzito umeshuka lakini sodiamu na hematokriti vimebaki palepale, kagua kizimba: mara nyingi kuna chupa ya jirani inayovuja au matandiko yaliyolowa. Panya akionja maji hata kidogo nyuroni za vasopresini zinanyamaza ndani ya dakika chache, kabla damu haijabadilika, na RNA changa yako inashuka bila maelezo.

---

Nala_Data

Kurudishiwa maji: hilo kundi ndilo litakaloipa thamani ile praima ya introni. Chukua saa 4 na saa 24 baada ya kurudisha chupa. RNA changa inashuka ndani ya saa chache. mRNA iliyokomaa inabaki juu siku kadhaa, na akiba ya pituitari inachukua wiki na zaidi kujazwa. Ukipata panya wa saa 4 mwenye introni chini na ekzoni juu, umeonyesha kunakili kumesimama na lundo bado lipo. Ukiwa na nafasi ya wanyama kwa muda mmoja tu, chagua saa 4.

Ukipata pesa ya kusoma RNA yote, kabla hujaua panya pitia data za SON ya panya waliokaukiwa zilizo wazi kwenye hazina ya GEO. Timu ya David Murphy ya Bristol imefanya mengi hapo, ikiwemo kuonyesha kwamba CREB3L1 inaisukuma Avp kunakiliwa na kwamba Caprin2 inahusika na kurefuka kwa mkia wa poli-A (mfululizo wa herufi A mwishoni) wa mRNA ya Avp mnyama akikaukiwa. Hizo mbili ziongeze hata kwenye qPCR, zinapanda vizuri. Na kwa data yoyote ya SON, yako au ya wengine, angalia kwanza Mbp na Plp1, jeni za mielini (ala inayofunika neva). Zikiwa juu kwenye sampuli moja, sindano imechota njia ya neva za macho, na sampuli hiyo ina mielini kuliko nyuroni. Tumia hesabu za programu ya DESeq2, usilinganishe TPM (sehemu ya kila jeni kwenye jumla ya usomaji) kati ya makundi, kwa sababu Avp na Oxt pekee zinakula sehemu kubwa ya usomaji wote wa SON, zikiongezeka jeni nyingine zinaonekana kama zimeshuka.

Mkia wa poli-A una athari moja kwako moja kwa moja: ukitengeneza cDNA kwa oligo-dT (praima inayoshika mkia huo) pekee, mkia mrefu unaweza kunaswa vizuri zaidi kuliko mfupi, na ukahesabu tofauti ya mkia kama tofauti ya wingi. Changanya oligo-dT na heksama nasibu (praima fupi zinazoshika popote kwenye RNA). Kwa RNA changa heksama ni lazima hata hivyo, kwa kuwa nyingi bado hazijafungwa mkia.